Jakaranda au Mkrismasi? Hotuba kwa Wenye Vibanja wa Bukoba na Muleba

Leo hatukuja kusema habari za migomba wala za buni, ingawa hizo ndizo mali zenu. Twataka kusema habari za miti miwili ipandwayo kwa ajili ya uzuri wake, yaani jakaranda na mkrismasi. Maana mtu akiisha kuezeka nyumba yake kwa mabati na kupaka kuta zake rangi, moyo wake hutamani mti wa maua mbele ya mlango. Tamaa hiyo si mbaya. Lakini wahenga walisema kwamba mgeni akae siku mbili, siku ya tatu apewe jembe. Miti hii ni wageni wasioshika jembe, nao hukaa miaka mingi. Basi yafaa kuwajua vema kabla ya kuwapa mahali.

Jakaranda asili yake ni Amerika ya Kusini, katika nchi za Argentina na Bolivia. Mkrismasi asili yake ni kisiwa cha Bukini, yaani Madagaska. Watu wa pwani waliupa jina hilo kwa sababu huko huchanua maua mekundu wakati wa Krismasi ukikaribia. Jakaranda maua yake ni ya rangi ya zambarau iliyochanganyika na buluu, nayo hufanana na kengele ndogo. Miche ya miti hii miwili yaweza kumdanganya mnunuzi, maana yote ina majani madogo madogo yaliyopangwa kama unyoya. Lakini matunda yao hayafanani hata kidogo. Tunda la jakaranda ni bapa, la mviringo, na gumu kama ubao. Likipasuka, mbegu nyepesi zenye utando huruka na upepo. Tunda la mkrismasi ni ganda refu kama upanga, na huweza kuzidi nusu mita. Tena jakaranda husimama wima, bali mkrismasi hutandaza matawi yake kama mwavuli, hata upana wake ukazidi urefu wake.

Sasa tuseme juu ya majani, maana hapo watu wengi hukosea. Miti yote miwili hupukutisha majani wakati wa kiangazi. Mwenye nyumba akiona matawi matupu hudhani mti umekufa, akachukua shoka. Asifanye haraka. Mti hupoteza maji kwa njia ya majani yake. Ardhi ikikauka, huyaacha yaanguke ili uhifadhi maji uliyo nayo. Mwenye shaka na akwangue kidogo ganda la tawi kwa ukucha: akiona ubichi chini yake, mti ni mzima. Mara nyingi maua hutokea juu ya matawi hayo matupu, kabla ya majani kurudi, na huo ndio uzuri ambao mtu aliupandia.

Lakini hapa yapasa tuseme kweli, hata ikiwa haipendezi. Ukavu ule ndio uiamshao miti hii kuchanua vizuri. Mji wa Nairobi hujaa rangi ya zambarau mwezi wa Oktoba kwa kuwa jakaranda zake zimekwisha pita katika miezi ya ukavu. Kando ya Ziwa, hapa Bukoba, mvua ya mwaka hukaribia milimita 2,000, na hakuna mwezi usionyeshewa kabisa. Mahali kama hapa mti huangusha majani yake kidogo kidogo, hubaki na mengine, na maua yake huwa machache na ya vipindi vipindi. Mtu akiliacha Ziwa na kwenda magharibi, mvua hupungua, na kiangazi cha Juni hadi Agosti huonekana wazi zaidi. Huko miti hii hujipamba vizuri kuliko ufukoni. Basi mkaaji wa pwani ya Ziwa asipande mti huu akitumaini kuona mbele ya mlango wake barabara ya Nairobi.

Jambo la pili ni baridi. Mkrismasi hupenda joto, ndiyo maana hustawi sana katika miji ya pwani ya bahari. Jakaranda huvumilia nchi za juu: Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kiasi cha mita 1,700, na jakaranda hazina shida huko. Kwa hiyo wakaao juu katika uwanda wa Kamachumu, ambako asubuhi ni baridi, wachague jakaranda. Wakaao chini, mahali penye joto na ukavu zaidi, waweza kuufikiria mkrismasi.

Jambo la tatu, nalo ni kubwa kuliko yote, ni mizizi. Mizizi ya mkrismasi haiendi chini sana. Hutambaa karibu na uso wa ardhi, ikanenepa, ikainua sakafu ya nje, na kupasua kuta za nyumba na matangi ya maji yaliyojengwa ardhini. Watu wa Bukoba hawahitaji kufundishwa thamani ya msingi imara. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilibomoa nyumba nyingi na kutia nyufa katika nyingine. Haifai mtu aliyejenga upya kwa jasho lake kupanda adui karibu na ukuta. Tena matawi ya mkrismasi huvunjika upesi, na dhoruba zitokazo Ziwani zina nguvu. Twashauri mkrismasi usipandwe karibu na nyumba kuliko hatua 15. Jakaranda nao una mizizi ya juu juu, na matawi yake pia huvunjika, lakini kwa kuwa hautandazi sana, hatua 10 zaweza kutosha.

Wengine watauliza, Je, tusipande mti huu katikati ya kibanja, ili uipe buni kivuli? Twajibu kwamba haifai, wala huu wala ule. Udongo wa kibanja haukuja hivi hivi. Ni kazi ya mababu na mabibi zenu, waliokata nyasi za rweya mwaka baada ya mwaka, wakazitandaza chini ya migomba, wakatia na samadi ya ng'ombe. Mizizi ya mgomba nayo iko juu juu, basi hushindana na mizizi ya mgeni huyu kwa maji yale yale na mbolea ile ile. Na tuhesabu. Mkrismasi uliokomaa, wenye uvuli wa upana wa mita 12, hufunika mita za mraba 113. Migomba ikipandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, hapo ni mahali pa mashina 12. Mashina 12 ni chakula cha watoto. Nani atawaambia watoto wake wale maua?

Kwa kibanja mnayo miti yenu wenyewe. Mushambya hutoa nguzo na mbao, tena una maua ya manjano yasiyopungua uzuri. Muhumula hukua upesi, na hutumiwa kwa kivuli cha buni. Jina lake la kitaalamu, Maesopsis eminii, lamkumbuka Emin Pasha, aliyeanzisha boma la Bukoba mwaka 1890. Miti hii yajua kukaa na buni na migomba.

Aliyekwisha kuamua kupanda, na afanye hivi. Mbegu za jakaranda zioteshwe kama zilivyo, juu ya udongo laini. Mbegu za mkrismasi ni ngumu kama kokoto. Zimwagiwe maji ya moto, ziachwe humo mpaka siku ya pili, ndipo zipandwe. Miche ihamishwe mvua zinapoanza, izungushiwe uzio kwa ajili ya mbuzi, na mwenyewe awe na subira ya miaka mitano au zaidi kabla ya kuona maua. Mwenye jakaranda ang'oe miche inayojiotea mbali na mti. Huko Afrika ya Kusini mti huu umetiwa katika hesabu ya miti ya kigeni ivamiayo ardhi. Ukiingia katika rweya, nyasi zitakosekana, na kibanja kitakosa matandazo yake.

Basi neno letu la mwisho ni hili. Uwanja mpana wa shule, wa kanisa, au wa msikiti, penye joto na mbali na kuta, ndipo pa mkrismasi, maana kivuli chake hutosha watu wengi kukaa. Ua wa nyumba wenye nafasi ya kiasi, hasa nchi ya juu, ndipo pa jakaranda. Na yule ambaye nyumba yake imezungukwa na migomba mpaka mlangoni, asipande hata mmoja. Apande ua dogo kando ya njia, naye atapata uzuri bila kupoteza chakula. Kabla hamjachimba shimo, pimeni kwanza hatua kutoka ukutani, kisha mtazame juu na mfikiri mti utakuwa na ukubwa gani mtoto aliye mgongoni leo atakapokuwa mtu mzima. Yeye ndiye atakayekaa nao.

Tumekwisha sema. Mwenye swali na aulize.