Kubadili Plagi za Motokaa na Kuvika Kofia Zake

Leo tutazungumza juu ya kitu kidogo kinachoenea katika mfuko wa shati, nacho ni plagi ya injini ya petroli. Mwalimu, ikiwa umepata plagi kuukuu, ipitishe sasa mikononi mwa wanafunzi, kila mmoja aitazame tunapoendelea.

Ninyi mlio Kintinku mnaijua barabara itokayo Dodoma kwenda Manyoni. Kwenu ni bondeni. Mbele yenu barabara hupanda ukingo wa Bonde la Ufa, na hapo ndipo ubovu wa injini hujulikana. Malori makubwa mnayoyaona yakipita hutumia dizeli, nayo hayana plagi za cheche, maana dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Lakini gari dogo la petroli lenye plagi mbaya, ambalo lilikwenda vizuri katika tambarare, likifika mlimani huanza kukohoa na kutetemeka. Mafundi husema, "Gari inamisi." Ikiwa ndani yumo mama mjamzito anayepelekwa hospitali Manyoni, hilo si jambo la mchezo.

Je, limetokea nini? Injini yenye silinda nne kwa kawaida ina plagi nne. Kila plagi hupokea umeme mkali sana, volti 10,000 na zaidi. Umeme huo huruka pengo dogo lililo kwenye ncha ya plagi, na cheche yake huwasha petroli iliyochanganyika na hewa. Cheche ikikosekana katika silinda moja, zile tatu hubeba mzigo wa nne. Petroli isiyowaka hutoka nje kwa njia ya bomba la moshi. Katika magari mengi ya siku hizi petroli hiyo huenda kuwaka ndani ya chombo cha kusafishia moshi na kukiunguza. Mafundi hukiita chombo hicho masega, kwa sababu kina vitundu vingi kama sega la nyuki. Bei ya masega mapya ni kubwa kuliko bei ya plagi nne.

Sasa sikilizeni. Watu wengi hununua plagi mpya, huzifunga zote, na gari huendelea kumisi. Husema mwenye duka amewauzia plagi bandia. Pengine ni kweli, bandia zipo. Lakini kwanza itazame kofia. Kofia ni ule mpira ulio mwisho wa waya, unaofunika kichwa cha plagi, na ndani yake mna chuma kidogo cha kubana. Ikiwa chuma hicho hakikukamata, umeme hutafuta njia nyingine ukaruka kando kwenye chuma cha injini. Hapo plagi mpya haina kosa.

Basi tuanze kazi. Yafaa injini iwe baridi kabisa. Injini nyingi zina kichwa cha alumini, na plagi ikifunguliwa ingali moto, yaweza kutoka pamoja na meno ya tundu lake. Toa ufunguo wa gari uutie mfukoni. Fungua plagi moja, ibadili, ifunge, ndipo uende kwa ya pili. Usizifungue zote kwa pamoja, kwa maana silinda huwaka kwa zamu, na zamu ya injini nyingi za silinda nne ni 1, 3, 4, 2. Waya zikichanganyika, injini haitawaka, au itarudisha moto nyuma kwa kishindo.

Shika kofia yenyewe, wala usishike waya. Izungushe kidogo huku na huku mpaka iachie, kisha ivute wima. Anayevuta waya huukata kwa ndani mahali pasipoonekana, na atahangaika siku nyingi.

Kabla ya kutia spana, ondoa vumbi. Kiangazi vumbi hujaa katika shimo la plagi, na chembe moja ya mchanga ikianguka ndani hukwaruza silinda. Pampu ya baiskeli yatosha kupulizia.

Plagi ikitoka, isome. Ncha ya rangi ya hudhurungi hafifu ni njema. Masizi meusi makavu maana yake petroli ni nyingi kupita hewa, au cheche ni dhaifu. Ikiwa imelowa oili, injini imechakaa ndani, na plagi mpya haitaiponya. Nyeupe kama chokaa, basi joto limezidi.

Plagi mpya uianze kwa vidole. Ikiwa tundu ni refu, chomeka kichwa cha plagi katika kipande cha mpira wa petroli, uizungushe kwa mpira huo. Ikiingia upande, mpira utateleza kabla meno hayajaharibika. Ikigota, ndipo utumie spana: plagi mpya yenye washa huongezwa nusu mzunguko tu. Wako vijana wanaopenda kuonyesha nguvu zao hapa. Wasipewe spana.

Sasa kofia. Itazame ndani na nje. Ukiona ufa, au mstari mweusi mwembamba kama njia ya sisimizi, umeme ulikuwa ukitoroka hapo, tafuta nyingine. Ikiwa nzima, isukume wima mpaka usikie "ta!" au uhisi imekamata. Ivute kidogo, isitoke. Magari mengine hayana waya, ila kila plagi ina koili juu yake. Hapo fungua boliti ya koili, lakini kuvuta na kusukuma ni kule kule. Usiku, katika giza, injini ikinguruma, unaweza kuona cheche za buluu mahali umeme unapovuja. Tazama kwa macho tu, usiguse.

Limebaki jambo la herufi na tarakimu zilizoandikwa kwenye plagi. Katika plagi za NGK, tarakimu ikiwa kubwa zaidi, plagi huondoa joto haraka zaidi. Katika zile za Bosch ni kinyume chake. Kwa hiyo usikubali kuambiwa dukani, "Hizi ni sawa, zinaingia." Linganisha na kitabu cha gari.

Mwalimu, andika ubaoni: BKR5E-11. Chini yake andika: BKR6E-11. Zote mbili huingia katika tundu moja la milimita 14, na 11 ya mwisho ni pengo la milimita 1.1. Darasa lisome kwa sauti, herufi moja moja, kisha kila mmoja aandike katika daftari lake: ni ipi inayoondoa joto haraka zaidi?