Kodi ya Lupango la Baba

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa jamaa, Porte de Namur, Brussels



Tumekutana Porte de Namur, katika mtaa uliopewa jina la Matonge ya Kinshasa, na karibu sote tulioketi humu ni wapangaji. Kila mwezi twawalipa kodi watu wengine. Lakini kule Lubumbashi, katika Kamalondo, sisi ndio wenye nyumba, na nataka kusema namna tunavyoitunza.

Baba yetu marehemu aliijenga kwa matofali ya udongo wa kichuguu, akaiezeka kwa mabati. Tangu alipofariki tumegawana kodi yote: ada za shule, dawa za Shangazi, gharama za misiba. Hakuna aliyeiba. Ila hakuna aliyekumbuka kwamba nyumba nayo hula.

Niungame mbele yenu. Mwaka juzi, mvua za Novemba zilipoanza, mpangaji alinipasha habari kwamba bati moja limepasuka. Nilimwambia asubiri, kwa kuwa kodi ya mwezi ule ilikwisha gawanywa. Kufikia Februari maji yalikuwa yameozesha mbao. Dari ikaanguka, mpangaji akahama, na nyumba ikakaa tupu miezi 5. Tulikataa kununua bati moja, tukalipia paa zima. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo Baba alitufundisha mwenyewe.

Kwa hiyo naomba tukubaliane mambo matatu.

La kwanza, katika kila miezi 12 ya kodi, miezi 3 iwe ya nyumba yenyewe, iwekwe katika akaunti yake kabla mtu yeyote hajapokea fungu lake. Kila mwaka kabla ya mvua, fundi apande juu ya paa, na mchwa watafutwe katika mbao na miimo ya milango.

La pili, maandishi. Hapa Brussels, mpangaji anapoingia, hali ya kila ukuta na kila mlango huandikwa, na mwenye nyumba huuandikisha mkataba serikalini. Kwa mikataba iliyotiwa sahihi tangu Novemba 2024, dhamana haipiti kodi ya miezi 2. Kwetu Kongo, sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 imeweka mpaka wa miezi 3 kwa nyumba za kukaa. Tusidai zaidi, wala tusiile dhamana hiyo: ni mali ya mpangaji.

La tatu, hati. Cheti cha lupango bado kina jina la marehemu. Kwa sheria ya mwaka 1973, ardhi ni ya Serikali, na haki ya kudumu juu yake hupewa raia wa Kongo tu. Wengi wetu sasa tu raia wa Ubelgiji, na Katiba ya mwaka 2006 hairuhusu kushika uraia wa Kongo pamoja na mwingine. Basi ndugu zetu waliobaki nyumbani tusiwaone kama watunza funguo. Tukae nao, tumtafute wakili, jambo hili limalizike tungali twasikilizana.

Watoto wetu waliozaliwa huku hawajaiona nyumba ya babu yao. Nataka siku watakapokwenda wapate mahali pa kulala.