Marashi na Kyela: Majina Mawili ya Harufu



Mada yangu ni waridi, lakini safari yetu itaishia Kyela, ambako zao linukialo ni mpunga.

Waridi la kutolea mafuta hupenda ubaridi wa milimani. Huko Oman hulimwa katika Jabal Akhdar, kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na huchumwa mapema asubuhi, jua lisije likaifukuza harufu. Maua huchemshwa, mvuke hupozwa, yakapatikana maji ya waridi. Mafuta yenyewe ni haba mno: kilo moja huhitaji zaidi ya kilo 3,000 za maua.

Biashara ya Bahari ya Hindi ilituletea maji hayo pamoja na maneno yake. Waridi ni neno la asili ya Kiarabu. Marashi na mrashi, ile chupa yenye shingo ndefu ya kuwanyunyizia wageni harusini, yametokana na mzizi wenye maana ya kunyunyiza. Zamani marashi yalikuwa hasa maji ya waridi. Leo ni manukato yoyote, hata yasiyo na tone la waridi. Maana imepanuka, ua limesahaulika.

Sasa tusikilize sokoni Dar es Salaam. Mnunuzi husema, “Nipimie kilo mbili za Kyela.” Jina la wilaya iliyo kaskazini mwa Ziwa Nyasa limekuwa jina la mchele unukiao. Hapo ndipo penye hatari. Mafuta ya waridi yalighushiwa tangu zamani kwa mafuta ya bei nafuu. Mchele nao huchanganywa, na si kila gunia liitwalo Kyela limetoka Kyela.

Waridi lilipofutika katika maana ya marashi, mkulima wetu hakupata hasara, maana mchumaji alikuwa ng’ambo. Kyela ikifutika katika “Kyela”, atakayepoteza ni yule aliyeinama matopeni kando ya Mto Kiwira.

Wahenga walisema chema chajiuza. Lakini chema kisicholindiwa jina humuuzia mwingine. Kwa hiyo nawaomba watunzi wa kamusi: kama mlivyomweleza msomaji mrashi ni nini, mwelezeni pia Kyela hii ya sokoni, asili yake kwanza, matumizi baadaye. Neno likihifadhiwa pamoja na chimbuko lake, mwenye mali huwa na shahidi.