DHARURA YA MAJI HAIPIGI HODI



Handeni ni wilaya yenye kiu. Bomba kuu la HTM huchota maji ya mto Pangani, upande wa Korogwe, na kuyasukuma kwa pampu. Pampu zikisimama, vijiji vingi hukauka kwa pamoja. Tena mvua za Oktoba 2019 zilikata barabara ya Korogwe na Handeni. Barabara ikikatika, fundi na vipuri havifiki.

Sheria ya mwaka 2019 iliunda RUWASA isimamie maji ya vijijini, na uendeshaji ukakabidhiwa vyombo vya jamii yenyewe. Dhamana hiyo haiishii katika kukusanya ada. Kamati, iwe ya Kwaluguru au ya kwingineko, yapasa kujua valvu ipi hufungwa bomba likipasuka na nani hushika ufunguo wake. Yapasa kuweka akiba ya vipuri na klorini, kuipa zahanati na shule mgao wa kwanza, na kuwatangazia watu hatari kabla watoto hawajaanza kuharisha. Baada ya mafuriko, maji yatiwe klorini na kuachwa nusu saa. Dawa ikikosekana, yachemshwe.

Lakini akiba hununuliwa kwa fedha. Ada ya maji ikigeuzwa posho za vikao, siku ya dharura sanduku litakutwa tupu. Basi mtumishi akague daftari la mapato na matumizi, naye mwalimu awafundishe wanafunzi kuvuna maji ya mvua. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.