Mlango Nilioufungua Mwenyewe

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kilole, Korogwe)

Niliombwa nieleze kazi yangu. Mimi ni fundi wa mitandao ya kompyuta katika kampuni yenye ofisi nne: Dar es Salaam, Tanga, hapa Korogwe na Handeni. Jina la kampuni sitalitaja, na mtaona sababu.

Kazi yenyewe ni kulinda milango. Wazee wa Kizigua wa pande hizi, katika mashambulizi ya karne ya 19, walizungushia vijiji vyao boma la miti na miiba, wakaacha mlango mdogo wa kuinamia. Wengine walihamia visiwani katikati ya Mto Pangani. Kifaa ninachokishughulikia huitwa fayawoli. Kazi yake ni ileile ya mlinzi wa mlango wa boma, ila hakina macho ya mlinzi. Hakimjui mwizi wala mgeni mwema. Kila kifurushi cha habari kinapofika, husoma kimetoka anwani gani, kinakwenda anwani gani, na kinagonga mlango wa namba gani. Milango hiyo ina namba hadi 65535. Kisha hufungua orodha ya amri zake na kuisoma kuanzia juu kwenda chini. Amri ya kwanza inayolingana ndiyo inayofuatwa, na zilizo chini yake hazisomwi tena. Enyi vijana, likumbukeni hilo, maana nitalirudia.

Kabla ya mwaka 2009 intaneti yetu ilipitia setilaiti, ghali na ya taratibu. Mwezi wa Julai mwaka huo mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam kwa njia ya bahari, na mkongo wa taifa ukaendelea kusambazwa mikoani. Kampuni nasi tukaunganisha ofisi zetu. Tulifurahi mno. Karani wa Handeni aliweza kufungua faili lililoko Dar kana kwamba liko katika saraka ya meza yake. Hatukujiuliza nani mwingine angeweza.

Sasa nieleze kosa langu. Jumamosi moja ya mwaka 2018 mhasibu wetu alikuwa nyumbani na alihitaji kufanya kazi katika seva ya ofisini. Nikamfungulia mlango namba 3389, ambao hutumika kuiendesha kompyuta kutoka mbali. Nilimwambia, "Ni kwa jioni hii tu, mama." Jumatatu nilikuwa na shughuli nyingine, na mlango ukabaki wazi kwa miezi 14. Huko duniani kuna mitambo isiyolala, ambayo kazi yake ni kugonga milango ya watu wote na kujaribu maneno ya siri. Neno letu la siri lilikuwa jina la kampuni likifuatiwa na mwaka. (Kicheko.) Mnacheka, lakini nawaomba wenye ofisi waliomo humu wajiulize la kwao.

Waliingia Alhamisi usiku. Asubuhi kila faili lilikuwa limefungwa kwa fumbo, na katika skrini palikuwa na barua ya kudai malipo kwa bitkoini. Kwa kuwa ofisi zetu zote zilikuwa kama nyumba moja isiyo na milango ya ndani, walioingia Dar walikuwa Tanga na Handeni kabla ya jogoo kuwika. Na Ijumaa hiyo ilikuwa siku ya kuwalipa wakataji mkonge. Mhasibu akanipigia simu, sauti imemkauka: "Mwanangu, watu wamesimama hapa nje. Niwaambie nini?" Sikuwa na jibu. Miongoni mwa waliosimama, baadhi yao walikuwa wakisubiri fedha hizo kulipa deni la duka, wengine sare za shule za watoto wao. Hawakuwa wamegusa kompyuta hata siku moja.

Tuliokolewa na karani mmoja wa Handeni, mama wa makamo, ambaye kila mwezi alinakili orodha ya mishahara kwa mkono katika daftari la jalada gumu. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nikimtania kwa hilo. Kwa daftari lake watu walilipwa Jumatatu. Mkurugenzi alikataa kuwapa wezi hata senti, na tukapoteza hesabu za miezi minne.

Tusidhani ni uzembe wa kampuni ndogo pekee. Mwezi wa Mei 2017 programu iitwayo WannaCry ilishambulia kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, ingawa dawa ya udhaifu ule ilikuwa imetolewa tangu Machi. Juni mwaka huohuo kampuni ya meli ya Maersk iliangushwa na nyingine iitwayo NotPetya. Seva zilizotunza orodha ya watumiaji wake dunia nzima zilifutika, isipokuwa moja iliyokuwa Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika huko wakati wa shambulio! Basi hata mgawo wa umeme una siku yake. (Kicheko.)

Baada ya hapo kampuni ilikubali kununua fayawoli mpya nne. Wengi hudhani kazi imekwisha pale kisanduku kinapofika. Kwa kweli siku ngumu zilikuwa kabla ya kuvifungua. Nilichapa amri zote za kifaa cha zamani katika karatasi: zilikuwa 61. Kumi na tisa hakuna aliyeweza kueleza ziliwekwa na nani wala kwa nini. Na amri ya nne kutoka juu ilisema: ruhusu vyote. Mtu aliiweka zamani wakati wa kutafuta hitilafu, akaisahau. Kumbukeni nilivyosema juu ya kusoma kutoka juu. Amri 57 zilizofuata, ambazo tulizitunga kwa makini na kuzijadili katika vikao, hazikuwahi kusomwa hata mara moja.

Nikazunguka ofisi zote kwa miguu yangu na daftari, nikiuliza kila mmoja: kazi yako inahitaji kuzungumza na nani? Orodha mpya ikawa na amri 23, na ya mwisho inasema: kataa kila kisichotajwa. Mlango 3389 ulifungwa. Anayetoka nje sasa hupitia njia iliyofungwa kwa fumbo, na hutoa neno la siri pamoja na namba inayobadilika katika simu yake. Ofisi nazo zikatengwa, hata moto ukiwaka Tanga usivuke kwenda Handeni. Kisha ikaonekana kuwa ofisi zote nne zilitumia anwani zilezile za ndani, mithili ya nyumba nne za mtaa mmoja zote zenye namba 1. Barua haiwezi kufika. Kuzibadilisha kulichukua wiki mbili, na mashine ya kuchapa ya Tanga ilitutesa kuliko seva zote.

Usiku wa kuhamia nilikuwa hapa Korogwe. Saa 5 nikaibadilisha ya Handeni kutoka mbali, na kwa amri moja niliyoiweka mahali pasipo pake nikajifungia nje mwenyewe. Nilipanda pikipiki ya rafiki, kilomita 65 usiku, kwenda kufungua nilichokifunga. Yule mama karani alikuja na ufunguo, amejifunga khanga, akaniuliza kama safari hii nimeandika pembeni. Nikamwonyesha karatasi. Akaipitia mstari kwa mstari, akanionyesha kwamba mizani ya ghala nimeisahau. Ilikuwa kweli.

Siku hizi ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Mwenye kutunza majina na mishahara ya watu ana wajibu juu yake. Kila Ijumaa asubuhi nasoma kumbukumbu za fayawoli, nani amegonga na wapi. Ni kazi ya kuchosha, na siipendi.

Wanafunzi, kile kisanduku cha zamani nimekuja nacho. Mwalimu wa fizikia amekubali kikae maabara. Zile amri 61 nimeziacha ndani, nikabadilisha anwani tu. Kifungueni, muitafute ile ya nne, na muone kinachotokea mkiitoa. Bisibisi iko ndani ya boksi.