Gari la Moshi la Bure



Leo tunazungumza habari za reli za miwa za Fiji, maana wako wenzetu ambao wakisikia "reli" hujibu papo hapo, "maendeleo".

Kampuni ya sukari ya Australia, CSR, ilifungua kiwanda chake cha Nausori mwaka 1882. Reli zake zilikuwa nyembamba, futi mbili tu toka chuma hata chuma. Mashambani vipande vya reli vilihamishwa kwa mikono, kufuata miwa inakokatwa. Mikono ya nani? Kwa wingi ni ya Wahindi waliofungwa kwa mikataba ya miaka mitano. Zaidi ya 60,000 waliletwa kati ya 1879 na 1916.

Kwa miaka mingi kampuni hiyo ilichukua abiria bure. Wageni waliusifu mno ukarimu huo! Sisi twauliza: nauli ile haikuwa imekwisha kulipwa shambani?

Fiji ilipata uhuru mwaka 1970. Jaji Denning wa Uingereza alipoamua wakulima wapewe 65 katika kila 100 ya mapato, kampuni ilikataa kuendelea, ikaiuzia serikali mali yake, ikaondoka mwaka 1973. Reli zilibaki, na miwa ikaendelea kupita juu yake.