Mnara wa Jirani na Simu ya Sikioni: Hofu ya Mionzi Ielekezwe Wapi?

Kiswahili kina neno moja, mionzi, na neno hilo limetwishwa mzigo mzito. Kuna mionzi ya jua inayokausha mpunga uani. Mionzi hupiga picha ya mfupa uliovunjika. Mgonjwa anayetibiwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, majirani husema "anapigwa mionzi". Mionzi ndiyo iliyoendelea kuua watu Hiroshima hata baada ya moto wa mwaka 1945 kuzimika. Kisha siku moja lori la vyuma linaingia mtaani, mafundi wanasimamisha mnara wa simu nyuma ya shule ya msingi, na mzazi mmoja anauliza kikaoni: "Huo mnara si unatoa mionzi?"

Jibu ni ndiyo, unatoa. Hapo ndipo matatizo huanza, kwa sababu muulizaji anawaza Hiroshima na mjibuji anawaza redio.

Mada hii imeandaliwa kwa ajili ya walimu, wahudumu wa afya na viongozi wa mitaa, watu ambao swali hilo huwafikia kabla halijamfikia mtaalamu yeyote. Hoja yake ni kwamba hofu imepelekwa pasipo pake. Watu huutolea macho mnara ulio mita mia mbili kutoka nyumbani, ilhali kifaa kinachowapa sehemu kubwa ya mawimbi wanayopokea wamekishika wenyewe. Na madhara ya kifaa hicho ambayo hayana ubishi, yanayolaza watu wodini, hayatokani na mawimbi hata kidogo.

Tofauti kati ya eksirei na wimbi la simu si ya jina tu. Eksirei ina nishati ya kung'oa elektroni kutoka kwenye atomu, na atomu iliyonyang'anywa elektroni inaweza kuharibu vinasaba vya seli. Hiyo ni njia mojawapo ya saratani kuanza. Wimbi la simu ni ndugu wa wimbi la redio na televisheni. Kung'oa elektroni kunahitaji nishati zaidi ya mara milioni moja ya ile inayobebwa na chembe moja ya wimbi hilo. Kuongeza wingi wa chembe hakusaidii, kama vile watoto elfu moja wakirusha punje za mahindi wasivyoweza kutoboa ukuta wa mawe. Kinachojulikana kwa hakika ni kwamba mawimbi ya redio yakiwa makali hupasha joto. Jiko la maikrowevu hutumia tabia hiyo, lakini lenyewe linatumia mamia ya wati ndani ya sanduku la chuma lililofungwa. Simu ya kawaida, ikijikakamua kwa nguvu zake zote, hutoa kwa wastani robo ya wati hivi.

Kutokana na joto hilo ndipo vilipopatikana vikomo. Tume ya kimataifa ya ulinzi dhidi ya mionzi ya aina hii, ICNIRP, ilitoa mwongozo mwaka 1998 na kuupitia upya mwaka 2020. Msingi wake ni rahisi kueleza: mwili mzima ukipokea wati 4 kwa kila kilo, joto lake hupanda kwa takriban nyuzi 1. Tume ikachukua kiasi hicho, ikakigawa kwa 50, na kinachobaki, wati 0.08 kwa kilo, ndicho kikomo cha mwananchi wa kawaida. Kwa kichwa, ambako simu hugusa sehemu ndogo tu, kikomo ni wati 2 kwa kilo, zikipimwa kwenye gramu 10 za nyama ya mwili. Wamarekani wanatumia wati 1.6 kwenye gramu 1. Kipimo hicho huitwa SAR, na simu nyingi huonyesha namba yake mtu akibonyeza *#07#.

Sasa turudi kwenye mnara. Antena zake hazimwagi mawimbi chini kama bomba la mvua. Huyarusha mbele, mfano wa mnara wa taa unaoongoza meli usiku, na anayesimama chini kabisa ya mnara wa taa haangaziwi. Isitoshe, mawimbi hutawanyika: umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu inayomfikia mtu hubaki robo. Shirika la Afya Duniani lilipokusanya vipimo vya maeneo ya watu karibu na minara, katika taarifa yake ya mwaka 2006, lilikuta kati ya asilimia 0.002 na asilimia 2 ya vikomo vya kimataifa. Mwenye sababu ya kuuogopa mnara ni fundi anayepanda na kusimama mbele ya antena kwa hatua chache. Huyo lazima ahakikishe imezimwa kwanza.

Simu nayo ina tabia ambayo watumiaji wengi hawaijui. Haisemi kwa sauti ileile muda wote. Ikisikika vizuri na mnara hunong'ona; isiposikika hupaza sauti. Abiria aliye ndani ya basi la mikoani linalokatiza pori, bati pande zote na mtandao ukisoma mstari mmoja, anashikilia sikioni simu inayofanya kazi kwa nguvu kuliko ile ya mwenzake wa Kariakoo. Betri kuisha haraka safarini kunatokana kwa sehemu na jambo hilohilo. Kwa hiyo kijiji kinachoandamana kuukataa mnara, halafu wakazi wake wakaendelea kupiga simu wakiutegemea mnara wa mbali, kimejiongezea kilekile kilichokuwa kinakikimbia.

Wazee wanaosifia kitochi kwamba "hakina mionzi kama hizi simu janja" nao wana kisa chao. Mtandao wa 2G, ambao vitochi vingi hutumia, huiruhusu simu kutoa nguvu kubwa zaidi wakati wa maongezi kuliko 3G na 4G. Kitochi kina sifa zake nyingi, chaji ikiwa ya kwanza, lakini hiyo haimo.

Je, vikomo hivyo husimamiwa, au ni maandishi tu? Septemba 2023 shirika la masafa la Ufaransa, ANFR, lilitangaza kuwa limepima simu 141 zilizonunuliwa madukani, na iPhone 12 ilitoa wati 5.74 kwa kilo ilipopimwa kama iliyoshikwa mkononi au kuwekwa mfuko wa suruali, wakati kikomo cha Ulaya kwa viungo hivyo ni wati 4. Mauzo yalisimamishwa. Apple ilipinga namna upimaji ulivyofanywa, lakini ikatoa sasisho la programu kwa ajili ya Ufaransa. Kisa hicho kinafundisha mambo mawili kwa wakati mmoja: kwamba hata simu ya gharama inaweza kushindwa mtihani, na kwamba kushindwa huko hakukuwa na maana ya watu kuungua, kwa kuwa kikomo chenyewe kimewekwa mbali sana na kiwango cha madhara.

Simu bandia haina hata huo mtihani wa kushindwa. Ndiyo faida mojawapo ya hatua ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, kuzifungia simu bandia usiku wa tarehe 16 Juni 2016, kama Kenya ilivyokwisha kufanya mwaka 2012. Watu walilalamika sana, na kilio chao kinaeleweka, maana wengi walikuwa wametapeliwa bila kujua. Namba ya utambulisho wa simu, inayosaidia kuitambua ya bandia, hupatikana kwa *#06#.

Linabaki swali la saratani, na hapa mtoa mada hapaswi kukwepa. Mwezi Mei 2011 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, IARC, wenye makao Lyon, uliyaweka mawimbi ya redio katika kundi la 2B, la vitu "huenda vinasababisha saratani". Taarifa hiyo ilizunguka dunia na bado inatumwa kwenye makundi ya WhatsApp kama habari ya jana. Kinachoachwa nje ni kwamba kundi hilohilo lina dondoo la jani zima la mshubiri, na kwamba soseji na nyama nyingine za kusindikwa ziko kundi la 1, la vitu vilivyothibitishwa. Makundi hayo hupima uzito wa ushahidi, hayapimi ukubwa wa hatari.

Ushahidi wenyewe ulikuwa dhaifu kwa sababu inayoeleweka na yeyote aliyewahi kujaza dodoso. Utafiti mkubwa wa Interphone, wa nchi 13, uliochapishwa mwaka 2010, uliwauliza wagonjwa wa uvimbe wa ubongo walitumia simu kiasi gani miaka iliyopita. Nani anakumbuka? Kwa ujumla haukuona ongezeko la hatari. Ishara ilijitokeza tu kwa waliosema wameongea saa 1,640 au zaidi, na watafiti wenyewe wakaonya kuwa makosa ya kumbukumbu yanaweza kuwa ndiyo chanzo. Mwaka 2018 utafiti wa Marekani uliwaweka panya kwenye mawimbi makali saa 9 kwa siku kwa miaka miwili. Panya dume wengine walipata uvimbe wa moyo. Ajabu ni kwamba waliopigwa mawimbi waliishi muda mrefu kuliko wenzao. Kisha mwaka 2024 ukaja uchambuzi ulioagizwa na Shirika la Afya Duniani, uliojumlisha tafiti 63: haukuona uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo, hata kwa waliozitumia zaidi ya miaka kumi.

Anayetaka tahadhari hata hivyo hahitaji kununua kitu. Kuweka spika au kutumia waya wa masikioni huiondoa simu kichwani, na sentimita chache hupunguza mawimbi kwa kiasi kikubwa. Mtandao ukiwa chini, ujumbe unatosha. Mama anayeweka simu ndani ya sidiria sokoni anaweza kuihamishia kwenye kipochi. Aliyepandikizwa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo aiweke mbali nacho sentimita 15 au zaidi. Hilo si la hiari. Zile stika "za kuzuia mionzi" ziachwe huko huko dukani: mamlaka ya biashara ya Marekani, FTC, imeonya kwamba ngao za aina hiyo zinaweza kuifanya simu ihangaike kutafuta mtandao na kutoa mawimbi mengi zaidi.

Halafu kuna madhara yasiyohitaji panya wala dodoso. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa dereva anayetumia simu ana uwezekano wa kupata ajali mara nne hivi ya asiyeitumia. Bodaboda aliyechomeka simu ndani ya helmeti, akipanga bei na mteja anayefuata huku amembeba wa sasa, ndiye mgonjwa halisi wa simu katika nchi hizi, na wati kwa kilo hazihusiki. Betri iliyovimba ni moto unaosubiri siku yake. Samsung, kwa uwezo wake wote, ililazimika kuziita kurudi simu za Galaxy Note 7 mwaka 2016 na kuacha kuzitengeneza. Chaja hafifu inayolazwa chini ya mto au kushikwa na mkono wenye maji inaweza kupitisha umeme wa ukutani hadi kwa mtumiaji. Na wakati wa radi, simu iliyo mfukoni haiiti radi. Yenye hatari ni iliyochomekwa ukutani, kwa kuwa radi hupita kwenye nyaya.

Kwa kikao cha wazazi wenye mnara nyuma ya shule, njia ipo. Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, TAEC, hupima mawimbi ya minara. Mwenyekiti wa mtaa aombe upimaji ufanyike mbele ya wajumbe: uwanjani, kwenye dirisha la darasa lililo karibu zaidi na mnara, na kwenye kibanda cha mlinzi. Kikomo cha ICNIRP kwa masafa ya megahezi 900 ni wati 4.5 kwa mita ya mraba. Namba iliyosomwa na kifaa iandikwe ubaoni, kando yake iandikwe 4.5, na mzazi aliyeuliza swali apewe chaki afanye hesabu ya kugawa mwenyewe.